Debo, Ile Ngombe Ilikuwa Mama Yake

Kwako Debo, mutoto yangu mwenye hataki tena kusikia sauti yangu,

Nilikukosea. Naanza na ile, juu kama naanza na habari gani nitazunguka, na mi najijua, nikizunguka sifiki. Nilikukosea zamani ukiwa mutoto, mbele ya batu bote. Na nilikukosea tena hii mwezi, na hii ya sasa njo inaniondolea usingizi.

Papa Kasongo alinipigia téléphone. Papa ya Patrick, kijana mwenye anataka kukuoa. Nilikuwa ku kazi, ku dépôt, natosha makarton mu camion. Hatukuonana hata siku moya, lakini alisema na heshima, sawa bazee ya kwetu Likasi banavyosema.

"Papa Debo, tulikuwa tunajitayarisha kukuya kuomba mutoto. Mais kuko maneno. Batu ya église yenu banasema ule mutoto ni mulozi, alikula mama yake. Banasema ni weye mwenyewe ulisema vile, na micro mu mukono. Bibi yangu, mama ya Patrick, halali tena. Mi sitaki kusikia kwa batu ya inje. Nakuuliza weye papa yake: ni kweli ama ni uongo?"

Debo, ilikuwa neno moya tu. Uongo. Hata mutoto ya maternelle anaweza kuisema. Mi nikajibu: "Papa, ile ni mambo ya Mungu. Mi sijui."

Nilisikia télévision yao nyuma. Kisha akasema, "Bon. Merci, papa," akakata.

Kesho yake mama mudogo Odette njo alinipigia. Kwa batu benye habamujui: Odette ni mudogo ya mama yako, njo yeye alikulea kule Berchem-Sainte-Agathe, hapa Bruxelles. Hakunisalimia.

"Ulibaambia nini bale batu?"

"Odette, mi sikusema kitu."

"Njo vile. Haukusema kitu. Siku yenye ulipaswa kufunga kinywa ulipewa micro, siku yenye ulipaswa kufungua kinywa unanyamaza. Bale banasema famille mbili bangojee kwanza kuonana. Bangojee nini? Mutoto alisha kununua pagne ya ndoa. Ulimuzika mara moya, leo uko unakanyaga kaburi ili udongo ishikane muzuri."

Alisema mengine, siandike yote hapa. Alikuwa na haki.

Donc naandika barua wazi. Nitaituma mu groupe yetu ya Katangais ku WhatsApp, ya batu bote ya Bruxelles, na mwenye anataka kuipeleka mbele aipeleke. Juu ile siku mi sikukusema kwa sikio moya. Nilikusema mu micro.

Sasa nitoke kule mambo ilianzia.

Unakumbuka ile dimanche mama yako alituvuta ku cinéma? Ulikuwa na sept ans, miaka saba. Mama yako alikuwa anatumika kwa Madame ku Auderghem, bale Bajaponais, kufagia na kupiga pasi. Mercredi, katikati ya wiki, masomo inaisha midi, na kwetu hakukuwa muntu ya kubakia na weye, alors alikuwa anakubeba kule. Pale njo mulijuana na Naoko, mutoto ya Madame. Madame alimuambia mama: kuko filme ya kwetu, ya zamani sana, mi niliiona nikiwa mutoto sawa hawa, na sasa tu njo Babelge baliileta, balitia sauti ya français, iko mu cinéma. Peleka mutoto.

Mi sikutaka. Dimanche asubui ni église, mangaribi ni kulala. Mama yako alisema, "Utalala mu cinéma, viti yao ni ya kulalia. Vaa viatu." Tulishuka métro ku Porte de Namur, tukapita mu Chaussée d'Ixelles na ile baridi, weye katikati yetu, na ile manteau rouge yenye mikono yake ilikuwa inakufika mpaka ku bidole. Kila fasi yenye kuko mwanga ulikuwa unasimama. Mama alikuwa anakuvuta: "Tembea, filme haitungoje, siye si bwana ya cinéma."

Ile filme ilikuwa ya kuchora. Mutoto mwanamuke ya mu milima, kijiji yao inakauka, banamutuma avuke milima akatafute mvua. Na nyuma yake inatembea ngombe. Mais si ngombe sawa hii tunajua. Kubwa sawa nyumba, rangi ya majivu, majani inamea ku mugongo yake, na fasi yenye inakanyaga maji inatoka chini. Mutoto anakimbia, ngombe inakuya. Anakata kamba ya daraja, ngombe inashuka mu muto, inapanda ngambo. Haisemi, hailie, inakuya tu. Na bintu ingine ya ajabu njiani, mawe yenye inatembea, ndege za karatasi, ile yote. Ilikuwa nzuri, siwezi kukatala. Sikulala.

Mama yako aliinama ku sikio yangu: "Angalia namna inatembea. Ni ule tonton yako mulevi ya Kipushi, siku ya mushahara." Nilicheka mpaka muzungu moya ya mbele akageuka. Mama akamuambia pardon monsieur, na yeye mwenyewe anacheka kunipita.

Ku mwisho mutoto anafika ku ziwa. Anasimama pale, ngombe inapita karibu yake, inaingia mu maji, inazama. Mvua inanyesha, batu ya kijiji banacheza, finish. Mi nilifikiri: muzuri, alidanganya shetani, shetani ilikufwa. Nikasema na sauti kubwa, "Voilà." Salle yote ikacheka. Weye ulikuwa unalia.

"Unalilia ngombe? Kila dimanche unaikula na bukari, ugali yako, na haulie."

"Papa, iliangalia nyuma."

Mama akanipiga ku goti. "Muache mutoto."

Ile njo filme mi niliona. Kwa macho yangu, nikakaa mpaka taa ikawaka. Naiandika juu ile neno, mi niliona, njo nilikuya kukupiga nayo kisha.

Mwaka yenye ilifuata mama yako akaanza kuchoka. Unajua, kupanda ngazi ya escalier anasimama katikati, anajidai anatafuta clé ya mulango mu sac. Nikamuambia aache kazi ku Auderghem, akakatala, akasema Madame ni muntu muzuri. Mwisho ku hôpital balituambia ni damu. Alikuwa na trente-quatre ans, miaka makumi tatu na ine. Aliondoka mu dunia wakati ya baridi, na mi nilikuwa inje natafuta fasi ya kuweka motokari. Kufika juu, Odette alikuwa anakushika mukono mu couloir, na ulikuwa unaniangalia, unangoja mi njo nikuambie. Sikukuambia. Nilipita.

Mu kilio nyumba yetu ilijaa. Batu ya kwetu banajua kulia na muntu, ile siwezi kuisema mubaya. Mais batu ya kwetu banajua pia kuuliza. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alipiga téléphone toka Lubumbashi, weye ulikuwa unalala ku mapaja ya Odette. Akasema, "Mwanamuke ya trente-quatre ans hafwe bule. Maladie ya damu, damu yake nani alikunywa? Angalia mu nyumba yako. Nani balibakia?"

Nikaangalia mu nyumba yangu. Tulibakia miye na weye.

Sitaki batu basome hii baseme ni yaya alinidanganya. Yaya alitupa neno, mi njo nililima fasi ya kuipanda. Mi nilimaliza masomo ya secondaire, nafanya kazi na Bazungu, nilijua leucémie, kansere ya damu, ni nini, docteur alinionyesha mu papier. Mais ukiwa na uchungu unatafuta muntu ya kushika ku shati. Maladie haina shati. Mutoto ni karibu.

Bon. Wiki zikapita. Madame ya Auderghem aliomba uendelee kukuya mercredi, kucheza na Naoko. Nikakubali, juu sikukuwa na namna ingine, na nilikuwa nafurahi kidogo kutoona sura yako ile masaa. Ulikuwa unafanana na mama yako sana. Ile pia ni kosa, iandikwe.

Siku moya nilitoka ku kazi mapema. Nikafungua mulango, nyumba yote baridi. Mulango ya balcon ilikuwa wazi. Chini, karibu yake, kulikuwa sahani: bukari, majani ya sombe, kipande ya samaki, ile chakula nilikuachia asubui. Na weye ulikuwa umegeukia ukuta, macho umefunga, mikono nyuma. Ulikuwa unasema pole pole, "Kula, mama. Mi siangalie."

Debo, nilishikwa na woga yenye sikuiona mbele, hata ku vita.

"Uko unafanya nini?"

Haukuogopa hata. Ulifungua macho ukaniambia sawa muntu mwenye anaeleza devoir ya masomo. "Nalisha mama. Anatufuata, papa. Sawa ile ngombe. Ile ngombe ilikuwa mama ya ule mutoto. Ukimupatia chakula na haumuangalie, anakula, kisha anaweza kwenda bila kulia."

"Nani alikuambia ile bujinga?"

"Niliona kwa Naoko. Beko na cassette ya kwao. Kwao filme iko murefu, Naoko alikuwa ananielezea."

"Usinidanganye. Tulikuwa pamoja mu cinéma. Ile ngombe ni shetani, ilizama, mi niliona."

"Papa, ile yetu baliikata."

Baliikata. Ulinipatia ile neno mu mukono. Ningeuliza tu: balikata nini? Numéro ya Madame ilikuwa ku frigo, mama yako aliibandika na kale ka aimant ka tomate. Ningepiga, ningesema Madame, pardon, ile filme inaisha namna gani? Dakika moya. Mais niliona haya, mi mwanaume, nipige téléphone kwa Madame, patronne ya mama yako, kuuliza mambo ya ngombe ya kuchora. Na ndani kabisa sikutaka kujua. Nilisha kupata shati ya kushika.

Nikapiga kwa pasteur.

Pasteur alinisikiliza muzuri, pole pole, sawa docteur. Akauliza ulimupatia nini ya kula. Nikasema bukari. Akasema filme ya vile ni mulango, batoto banapitia pale, na mama yako hakufwa, balimufunga fasi, na mwenye anamulisha njo mwenye anamushika. Unajua kwetu: muntu mwenye iko na mambo hasemi mu bureau, anasema mbele ya batu bote, njo Mungu anafanya. Alors dimanche balituita mbele, mu ile dépôt ya zamani yenye tuligeuza église, mafeni juu, viti ya plastiki. Ulivaa robe yenye mama alikushonea na bas blanc, soksi ndefu. Nikapewa micro.

Naandika yenye nilisema, juu batu benye balikuwa pale balisha kuibeba mu nyumba zao, na benye habakuwa pale balisikia yenye iliongezwa. Nilisema: "Huyu mutoto analisha mama yake. Nilimukuta na macho yangu. Njo yeye alimufunga." Batu balisimama na mikono juu. Weye uliangalia bote, kisha ukaniangalia mi. Haukulia. Ulinivuta ku veste, ukasema, "Papa, baambie. Uliona filme."

Ulifikiri nilikuwa témoin, shahidi yako. Katikati ya batu bote bale ulifikiri kuko muntu moya mwenye anajua, na ni papa yako, na kama anasema tu, mambo itaisha na tutaenda nyumbani.

Nikasema mu micro, "Niliona. Na ile ngombe ni shetani."

Yenye ilifuata sitaiandika yote, ni yako, utaiandika weye kama unataka. Naandika tu ya kwangu. Balikufungisha njaa mu nyumba ya maman moya ya prière, ya maombi, hata maji habakukupatia. Ulikuwa unaniita. Nilikuwa mu chumba ya pembeni na nilikuwa nasikia. Kisha baliniomba nikushike miguu, juu ulikuwa unapiga, na nilikushika. Mi njo niliishika, si muntu mwingine. Balikukata nywele na cizo, makasi ya kukata pagne, nikafagia.

Odette alikuya na police ama hakukuya na police, kila muntu anaeleza yake. Ukweli ni huu: alikuya peke yake, akapiga mulango na kiatu, akasema atahesabu kisha ataita police, na mi njo nilifungua. Akakufunga mu manteau yake. Ku mulango alinigeukia: "Dada yangu alikuwa anakuita muntu mupole. Alikufwa muzuri, hakuona." Ukaenda Berchem, haukurudia.

Sasa nikuambie kitu yenye haukuijua. Odette pia hajui.

Nyuma ya miezi kidogo Madame alikuya kwetu, na Naoko. Balikuwa banarudia Japani, kazi ya Monsieur iliisha. Balipiga sonnette ya mulango. Niliangalia mu kale katobo ka mulango. Naoko alikuwa na sac ya karatasi mu mikono mbili. Nilisimama pale, bila viatu ili parquet, mbao ya chini, isipige kelele, na sikufungua. Madame alisema jina yako mara mbili mu mulango, "Deborah? Deborah?", vile alikuwa anaitamuka yeye. Kisha baliweka sac chini, balishuka. Ndani mulikuwa cassette, na dessin, picha ya batoto babili na ngombe katikati. Nilitia yote mu sac blanc ya bichafu na nilishusha mu barabara ile mangaribi, hata siku ya kutupa bichafu haikuwa bado. Ulifikiri Naoko alienda bila kukuaga. Najua ulifikiri vile, juu Odette aliniambia ulikuwa unasema "hakunipenda." Alikuya, Debo. Alikuya na viatu ya dimanche.

Miaka ikapita. Mi nikafanywa diacre, shemasi ya église, fikiria. Weye ukakuwa mukubwa kwa Odette, na mi nikawa naona namna batu banakuogopa. Mu kilio ya papa moya kule Molenbeek, ulikuwa na seize ans, miaka kumi na sita, ulikuya na sahani kusaidia kugawa chakula. Maman moya akavuta mutoto yake nyuma ya pagne, akasema hana njaa. Ukapita kwa mwingine, hana njaa. Safu nzima haina njaa, mu kilio, batu benye balikuwa banaimba toka asubui. Mi nilikuwa ku mwisho ya ile safu. Niliangalia sahani yangu. Uligeuka mbele ya kunifikia.

Kisha hii mwaka, mu baridi, niliona affiche ya filme mu métro. Ile ngombe. Niliijua mbele hata nisome. Baliandika: copie mupya, version intégrale, yote bila kukata. Nilipitisha métro mbili nikiwa nasimama pale.

Nilienda mercredi, kisha ya kazi, ku cinéma moya kidogo ya centre. Tulikuwa batu kidogo, sana sana bazee na étudiants. Filme ilikuwa mu kijaponais, maandishi ya français chini. Nilikuwa nasoma mbio mbio sawa muntu mwenye anasoma papier ya tribunal. Mwanzo ni ile ile. Milima, daraja, kamba. Kisha ya daraja, pale mu yetu mutoto alikuwa anakimbia tu na kesho yake anafika ku ziwa, filme haikukimbia. Iliendelea. Mvua kidogo, mutoto amechoka, anaingia mu kibanda ya bachungaji. Anakumbuka: mama yake anashuka ku muto kuchota maji juu mutoto iko na homa, na muto inapanda. Njo ile tu. Mama hakurudia. Kisha mutoto anatosha muchele yenye ilibakia, anaigawa mbili, anaweka nusu inje ya mulango, anageukia ukuta, anafunga macho, mikono nyuma. Chini baliandika: Mange, maman. Je ne regarde pas. Kula, mama. Mi siangalie.

Debo.

Ngombe ikaja, ikakula. Pole pole, sawa muntu mwenye anaogopa kumaliza. Na ku ziwa hakuna kudanganya, hakuna shetani. Mutoto anaisindikiza mpaka ku maji, anaiambia alisha kufika, iende. Inaenda. Inaangalia nyuma. Weye uliona ile mara ya kwanza, ukiwa na sept ans, hata na ile filme ya kukatwa. Mi nilisema voilà.

Taa iliwaka, batu bote balitoka, mi nilibakia ku kiti. Maman mwenye anafunga salle akakuya: "Monsieur, ça va?" Nikamuuliza juu ya nini zamani ile kipande haikuwa. Akasema wakati ile batu benye balinunua filme ya kule kuiuzisha huku balikuwa banakata, balifikiri batoto ya huku habataelewa. Habataelewa. Huit ans, miaka munane, na ulielewa, na ulitwaa ile kitu yenye ulielewa ukaibeba mu nyumba yenye hakuna muntu alikuwa anakubembeleza, ukajifanyia kilio yako mwenyewe na sahani moya. Na mi nilikupeleka kwa micro.

Ungefikiri nilitoka pale nikakupigia. Hapana. Baridi ikaisha, miti ikatoa majani, kila dimanche nilivaa veste nikasimama ku mulango ya église kusalimia batu. Nilikuwa najua yote. Ile njo Papa Kasongo alikuta ku téléphone: muntu mwenye anajua yote. Nikasema sijui.

Nilijiuliza juu ya nini. Jibu ni moya na ni mubaya. Kama weye ni mulozi, mi nilikuwa papa mwenye alipigana kuokoa nyumba yake. Kama weye ni mutoto tu mwenye alikuwa anakumbuka mama yake, alors mi ni nani? Mi ni ule mwenye alishika miguu. Miaka hii yote nilikuwa nakuacha ukae mulozi ili mi nisikae ule muntu. Nasimama mu cuisine na sijui niweke mikono wapi.

Sikuombi unisamehe. Odette alinikataza kuomba ile, na ana haki. Ni kukupatia tena kazi. Nakuambia tu kitu yenye nitafanya, na siku yake, batu bote baisome ili nisipate njia ya kukimbia.

Dimanche ya kwanza ya mwezi wa juin, mwezi wa sita, ni sainte cène, meza ya Bwana, siku yenye hakuna muntu anakosa, hata bale ba Liège na Anvers banakuya. Mbele mukate ipite, nitasimama mu ile dépôt na nitaomba micro. Kama pasteur anakatala, sina lazima ya micro, niko na sauti. Nitasema jina yako yote, Deborah, na jina ya mama yako, na ya maladie yake sawa docteur aliandika. Nitasema hakuna mutoto alimukula. Nitasema yenye nilisema ile siku ni uongo, na nitaisema neno kwa neno ili basikie ni ile ile yenye naondoa. Nitasema ni nani alishika miguu. Kisha nitaweka chini udiacre yangu na nitatoka. Papa Kasongo na bibi yake nilibaomba bakuye bakae ku mustari ya mbele. Nilimuachia sauti ku WhatsApp, aliisikiliza, hakujibu bado. Kama habakuye, ile dimanche mangaribi nitaenda kwao, nitapiga mulango, na nitaisema yote tena nikiwa nasimama ku escalier. Na siku ya famille mbili kuonana, kiti ya papa ya mutoto atakaa Odette. Mi sitaingia.

Weye usikuye. Baki kwako, fungua madirisha, kula muzuri. Mbele jua ya ile dimanche ishuke, hakuna muntu mu Bruxelles mwenye atasema tena hakusikia.

Ni mi,
papa yako